Foleni ya Wake za Askari

Mvua ya Brussels ya miaka ile naikumbuka ikishuka polepole, haina safari. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi kule Lubumbashi, alikaa dirishani kwetu, mtaa wa Saint-Josse, akiitazama kutwa, na ndani yake akiona kambi ya jeshi. Zamani Wabelgiji walipoitawala Kongo, alikuwa mke wa askari. Mara nyingine aliniambia anasikia tarumbeta ya asubuhi. Nilimtania kwamba ni tramu, akacheka, kisha akaendelea kusikiliza.

Ndipo akaanza kutoka damu, mwanamke mwenye vitukuu. Alifua vitambaa vyake kwa siri tusivione. Nilipogundua niliogopa sana, nikampeleka kliniki karibu na uwanja wa Flagey.

Wanawake walikuwa wameketi kwenye korido. Mlango ulipofunguliwa akaitwa mmoja wao, Kambo naye akasimama, akageukia ukuta, akafungua kitenge na kukikunja vizuri mkononi. Akavua na gauni la ndani. Alisimama hivyo, ametulia, kana kwamba mbele yake kuna foleni. Nilimfunika kwa koti langu, uso ukiniwaka kwa aibu.

Chini ya koti alinieleza kwa sauti ya mtu anayesimulia ndoto. Serikali haikutaka askari wenye kisonono. Kwa hiyo wake zao walipangwa mstari nyuma ya zahanati, na kila mmoja alipaswa kuwa uchi kabla hajafika mezani, daktari asicheleweshwe. Aliyekutwa mgonjwa alifungiwa penye uzio hadi apone. Mume alipigwa sindano, akarudi gwarideni.

"Askari anagonjwa, siye ndiyo banatupanga ku mustari," alisema, bila chuki, kama anayenifundisha kusonga bukari, ugali wa kwetu. Chuki nilikuwa nayo mimi. Niliwachukia watu waliokwisha kufa, na hilo linachosha.

Tulipoingia, daktari, mwanamke kijana tu, alivaa glavu, kisha akasita. Akasema damu katika umri ule haifai kupuuzwa, yaweza kuwa saratani, lakini nimuulize kwanza bibi kama anamruhusu kumpima. Nikauliza. Kambo alinitazama, mvua ikiteleza kwenye kioo nyuma yake.

"Na mwenye kukatala kupimwa," akauliza, "banamupelekaka wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Uongo mdogo tu ungetosha, na angepanda kitandani mara moja, mtiifu kama alivyofundishwa.

"Hakuna kwenye banamupeleka, Kambo. Anarudia tu ku nyumba."

Alilirudia neno hilo, nyumba, kimoyomoyo, niliona midomo yake ikicheza. Uso ukamlegea, akawa karibu kijana.

"Bon. Donc tuende ku nyumba."

Daktari alinigeukia, akitegemea nimbembeleze. Nilimtaka Kambo awe hai, nilimtaka mno. Lakini kabla ya siku ile hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikamshika mkono, tukatoka.