Mushono wa Kapinga na Kingereza cha Mujinga

Siku ya kwanza ya kazi, mu shule moja ya mutaa wa Katuba, Prefe, ndiye mukubwa wa shule ya sekondari, alinionyesha mashini tatu za kushona na dirisha bila kioo. Akaniambia: "Mama Ngoie, masomo yako ni kidogo, lakini hapa batoto batakuita mwalimu. Usinitie haya."

Sikumutia haya. Nilifundisha kupima kiuno, kukata kitambaa, kupitisha fofile, ule uzi wa kulegea unaoshikilia kitambaa kwanza, mbele mashini ipite. Mu atelie yangu, kile chumba cha kushonea, sheria ilikuwa moja: kila muntu anafanya kile anajua. Mwenye mukono muzuri anashona, mwenye kinywa anaongea na bakiliya, bale benye kununua. Njo vile nguo inatoka safi.

Nyuma ya pale bakanituma kufundisha kushona mu mutaa wa Kasungami, kwa Prefe mwingine, mwanaume wa kupenda bageni. Kule nikakuta Mwalimu Kalenga, kijana wa kufundisha Kingereza. Alileta kitu anaita proje: banafunzi banatengeneza kitu cha kweli kwa majuma mengi, na Kingereza banakijifunza ndani ya ile kazi, hapana kukariri tu. Alichagua mifuko ya kwendea soko. Bamama ba biashara ba Zambia, benye kupita kwetu, batakuja kuiangalia na kuuliza kwa Kingereza. Akaomba atelie yangu. Nikakubali, lakini nikamukataza kunivunjia sindano.

Banafunzi bakagawana kazi kwa sheria yangu. Mujinga, mwanafunzi wa mukono muzuri (kwetu ile ni jina la kuzaliwa, hapana tusi), akashona. Kapinga, binti wa kinywa kama redio, akachukua Kingereza yote. Mifuko ikatoka mizuri. Lakini Mujinga alikuwa anashindwa Kingereza kila mara, na mujomba wake alishasema: akishindwa tena, shule imeisha, anashika jembe.

Juma moja mbele ya bale bageni ba Zambia kufika, Kalenga akaingia mu atelie. "Tunabadilisha. Kapinga ku mashini. Mujinga, wewe njo utasema."

Kapinga akapiga kelele: "Mwalimu! Huyu hata salamu anaisema kama anaomba ruhusa!"

"Na wewe hata kifungo kinakushinda," Mujinga akamujibu.

Mimi nilikasirika. "Mwalimu, unataka kutuharibia mifuko?"

"Mama, sifundishe mifuko. Nikimupa Mujinga alama za Kapinga, nimemudanganya. Nikimupa sufuri, sijamufundisha."

"Bageni bakiona mushono mubaya, ni mimi batanicheka," akasema Prefe, mwenye kelele zilimuleta.

"Batakucheka kidogo tu, Prefe," Kalenga akajibu.

Ile juma yote Mujinga hakutoka ku mashini ya Kapinga. Mujinga anaonyesha namna ya kufumua, Kapinga anamusahihisha Kingereza, bote banatukanana. Kalenga alikaa pembeni, akiangalia nani ameuliza, nani amejibu bila kusaidiwa. Alama alibapa zilitoka mule, hapana ku siku ya mwisho peke yake.

Bageni bakafika. Mama mumoja wa biashara akashika mufuko wa Kapinga, akaugeuza ndani nje, akauliza kwa Kingereza sababu gani mushono umepinda. Ile swali hakuna mwenye aliitayarisha. Mujinga akauangalia ule mushono. Prefe akakohoa. Kapinga akafungua kinywa, Kalenga akamukazia macho, akakifunga.

Kisha Mujinga akasema kwa Kingereza, neno moja moja. Mimi Kingereza sikijui, nyuma ya pale bakanielezea maneno yake: "Mwenye kushona huu ameanza juma hii. Na mimi, kusema, nimeanza juma hii. Mama, chukua ule mwingine." Yule mama akacheka sana, akamuuliza tena, na tena. Mujinga akajibu yote.

Leo niko mu pansyo, kazi nimeacha, ninapumuzika. Ukiniuliza, mushono ulikuwa mubaya, na sheria ya atelie yangu siibadilishe: mukiliya hanunue kazi ya kujifunzia. Lakini mu darasa la luga, ninyi walimu vijana, mwenye kunyamaza njo mumupe kusema, hata kama mbele ya bageni mutaona haya.

Mujinga alipita Kingereza, na alama za kutosha tu. Siku ya matokeo mujomba wake alikuja mwenyewe, akaangalia karatasi, akamuangalia mutoto, akaipindua kuona kama nyuma kuna neno lingine.

"Basi," akasema, "jembe nitashika mimi."