Mama mkwe, makongoro na luku: slow cooker inakula umeme kiasi gani

Wakuu, poleni na majukumu.

Juzi mwenzetu aliuliza humu kama slow cooker inamaliza umeme, na wengi mkamtisha. Mimi ninayo nyumbani na ina kisa chake. Nakisimulia kama kilivyokuwa, chumvi nimeiacha jikoni.

Niko hapa Tarime, nina kaduka ka vipuri vya pikipiki Bomani. Wife ni mwalimu wa shule ya msingi.

Mama mkwe wangu anaishi Nyarero, peke yake. Mwaka jana aliteleza zizini, mguu ukavunjika chini ya goti. Hospitali wakamfunga plasta ngumu ya POP, wakasema akae karibu kwa sababu ya clinic. Shemeji zangu wote wako upande wa Serengeti, mbali. Ikabidi aje kwangu.

Sasa kwa wasiotujua Wakurya: mkwe ni heshima nzito. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapeani mkono. Salamu ni ya mbali, macho chini. Vijana wa siku hizi wamelegeza, lakini yule mama ni wa zamani hasa.

Kwa hiyo kila nikirudi nyumbani, nikifika getini nakohoa. Nakohoa kwa nguvu kama mtu wa TB, ili mama apate muda wa kujikongoja na magongo yake mpaka chumbani. Tukaishi hivyo. Nilimheshimu sana, na kusema kweli nilimpenda, ila nilikuwa namjua kwa mlio wa magongo tu.

Watu wakatushauri supu ya makongoro, ile miguu ya ng'ombe, kwa ajili ya mfupa. Wanaoyajua makongoro wanajua shughuli yake. Mkaa unateketea, gesi ndiyo usiseme. Rafiki yangu anayeuza vyombo vya mtumba Sirari akaniambia, "Chukua hii slow cooker. Haimalizi stima, trust me."

Ni kama sufuria la umeme, ndani lina chungu kizito. Unaweka vitu asubuhi, unaondoka, jioni unakuta vimeiva vyenyewe. Wife akawa anapakia makongoro na maji kabla ya kwenda shule, anawasha, anamuacha mama pale barazani nyuma na chombo chake.

Jioni tunafungua, makongoro ni tairi.

Siku ya pili, tairi. Ya tatu, tairi. Chombo kinawaka, cha moto, ila nyama inakataa. Nilishamsema yule wa Sirari kimoyomoyo maneno ambayo mods wangeyafuta. Nikakipeleka kwa fundi, akakirudisha na kuniambia chombo ni kizima, labda ng'ombe ndiye mbovu.

Basi siku moja mchana nikarudi nyumbani kuchukua spana. Nikapita uani kwa jirani ili nisimsumbue mama kwa kukohoa. Luku yetu, yaani mita ya umeme, iko ukutani nje upande wa huyo jirani, ina kale kataa kekundu kanakopepesa umeme ukitumika. Hatuna friji, TV ilikuwa imezimwa. Kitu pekee cha kukafanya kapepese kilikuwa slow cooker.

Nikasimama nakaangalia. Nikasubiri sana. Hakakupepesa.

Ndo nikaelewa. Chombo kilikuwa kimezimwa, na nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu.

Kuingia kumuuliza siwezi. Nikarudi dukani, nikampigia wife.

Jioni akakaa na mama yake barazani. Mimi nilikuwa chumbani, dirisha wazi, nasikia yote. Waliongea Kikurya, nawawekea kwa Kiswahili.

"Mama, unazima?"

Mama akajibu, "Nazima kwa ncha ya gongo mkishaondoka. Mkikaribia kurudi nawasha."

"Kwa nini sasa?"

"Mwanangu, moto unaowaka asubuhi mpaka jioni unakula gogo zima. Mimi nimepika kwa kuni maisha yangu yote, najua. Nitakaaje kwenye mji wa mkwe nikimchomea gogo zima kila siku, kwa ajili ya mguu wangu? Nipelekeni kwangu."

Wife akamkumbusha kwamba Nyarero hakuna wa kumtekea hata maji. Akajibu kwamba ataona hukohuko. Nguo zake alishazifunga kwenye kanga.

Wakuu, iliniuma. Mama wa watu anajinyima supu ya mfupa wake mwenyewe ili asinitie hasara, na mimi hata kumwambia "mama, kunywa" siruhusiwi.

Kubishana kusingesaidia, wala kumsomea namba za luku. Yeye anajua moto kwa kuuona. Nikamwambia wife, basi tumuonyeshe.

Jumapili baada ya kanisa tukazima kila kitu. Mama akakaa kwenye kiti chake nje akiitazama luku. Mimi ndani, wife mlangoni anapeleka maneno.

Nikawasha birika la umeme. Kataa kakaanza kupepesa mfululizo, hakapumziki. Nikasikia mama anasema, "Zima, zima hicho."

Nikazima. Nikachomeka slow cooker. Kataa kakapepesa mara moja, kakatulia mpaka unadhani umeme umekatika. Ndo kakapepesa tena. Kakatulia.

Mama akakatazama muda mrefu. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Kumbe hiki kinakula kama mgonjwa."

Wife akamwambia, "Basi na wewe mgonjwa, kula."

Wakacheka wote wawili. Na mimi huko ndani nilicheka, machozi yakanilenga.

Siku iliyofuata makongoro yaliteleza kwenye mfupa yenyewe. Nguo zikafunguliwa kutoka kwenye kanga.

Kwa aliyeuliza: cha kwangu kutoka asubuhi hadi jioni kinakula unit moja na ushee, mbili hazifiki. Kinakaa muda mrefu lakini kinavuta kidogo. Saa nyingi si lazima umeme mwingi, tazama nguvu ya chombo. Ila maharage, hasa mekundu, yachemshe kwanza kwenye gesi, usiyatupie humo mabichi.

Mama alikaa mpaka POP ikatoka, na zaidi. Siku ya kuondoka nilimwambia wife ampe kile chombo aende nacho, kwake umeme upo.

Nilikuwa nimesimama pembeni ya gari, macho chini kama inavyotakiwa. Mama akapita na gongo moja. Akasimama. Akaongea na mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu.

"Mkwe, kiacheni hapahapa. Nikija nitakikuta."

Wakurya wenzangu mnajua uzito wa mama mkwe kusema "nikija" kwenye nyumba ya mkwe, tena kwa mkwe mwenyewe.

Nilichojifunza ni kwamba mgeni wako anaweza kuwa anajinyima ndani ya nyumba yako, na wewe unalaumu chombo. Wenye slow cooker wekeni uzoefu wenu hapa, na wenye wakwe pia.

Leo mama ana clinic, amefikia kwangu tangu asubuhi. Nafunga duka. Nikifika getini nitakohoa.