Jina la Baba Mkwe kwenye Orodha ya Macho

Mwaka wa kwanza kambi ya macho ilipokuja huku Kyerwa, sikuliandika jina la baba mkwe wangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma, na sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Napita nyumba kwa nyumba na daftari langu, nauliza nani mjamzito, mtoto gani hajachanjwa, nani anakohoa wiki ya tatu sasa. Kuna kampuni moja kubwa ya mjini ambayo ilileta madawati shuleni kwetu, na mwaka huohuo ikaanza kuleta madaktari wa macho. Kuwaorodhesha wasioona ikawa kazi yangu. Nilizunguka vitongoji vyote, nikaandika wazee wote wenye mtoto wa jicho, hata wale waliokuwa wakinifukuza wakidhani nawauzia kitu. Mmoja tu nilimruka, naye anaishi hatua ishirini kutoka jikoni kwangu.

Kwetu ni Nyaishozi. Niliolewa huku, kijiji ambacho bodaboda kutoka Rubwera inakufikisha na vumbi hadi kwenye nyusi. Mama mkwe alitangulia, kisha mume wangu naye akafariki, na binti yangu wa pekee yuko shule ya bweni Bukoba. Tukabaki wawili kibanjani, mimi na baba mkwe, katikati ya migomba na mibuni. Watu walikuwa wakiniambia angalau una mtu nyumbani. Nilikuwa naitikia tu, maana kueleza ningeanzia wapi?

Kwa Wanyambo wa umri wake, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia pembeni kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima. Siku hizi vijana hawajali sana, nimeona hata wanaopanda bodaboda moja na baba wakwe zao, wamebanana kama ndizi kwenye mkungu, na mzee wangu akisikia habari hizo alikuwa anatema mate. Miaka kumi na mitano nilimjua kwa kikohozi. Akikohoa mlangoni, nazunguka nyuma ya nyumba. Nyumba ikiwa na watu wengi huoni tabu yake, lakini tulipobaki wawili zilipita siku nne, tano, sijasikia sauti ya mtu ikiniita.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Alinyamaza, akawa anapapasa kuta, nami nikajifanya sijui kwa sababu kumuuliza kungekuwa ni kukiri kwamba nimemtazama. Chakula nilikuwa naweka kwenye ngazi ya mlango wake, nafunika, nakohoa, naondoka. Jioni moja nilikuwa nimeweka ndizi na maharage. Akatoka, akainama kutafuta sahani, mkono ukatua mgongoni mwa kuku. Kuku walikuwa wameshafunua na wanakula kama waalikwa. Mzee akaketi palepale akacheka peke yake, na mimi nyuma ya jiko nikashindwa kujizuia.

"Nani anacheka?"

"Ni mimi, baba. Kuku wamekuwahi."

"Basi njoo uwafukuze." Akapangusa mkono. "Haya mambo ya kukwepana ni ya macho, mwanangu, na mimi macho sina tena. Kaa."

Nikakaa. Nilivuta kigoda nikakiweka mbali kidogo, kama mtu aliyeingia shamba la watu. Kuanzia siku hiyo nilikaa kila jioni. Alinisimulia alivyokuwa akipeleka kahawa chama cha ushirika kwa baiskeli, na alivyoimba besi kwenye kwaya ya kanisa hadi mchungaji akamwomba apunguze. Alinisimulia pia habari za mume wangu alipokuwa mtoto, jinsi alivyoogopa bata, jinsi alivyokimbia shule akakutwa amelala juu ya mti wa mparachichi. Mume wangu hakuwahi kuniambia hayo, kiburi chake nakijua. Nililia nikicheka. Mzee aliniuliza pia kama mimi ni mrefu, maana hakuwahi kunitazama vizuri. Nikamwambia mrefu kiasi. Akasema ndivyo alivyodhani kwa kusikia hatua zangu.

Kwa hiyo gari la matangazo lilipopita barabarani likitangaza matibabu bure ya macho, mimi ndiye niliyekuwa na kalamu, na niliijua akili ya mzee wangu. Akiona, mwiko unarudi. Nikajiambia ni mzee mno, upasuaji utamsumbua, mwakani atakuwa na nguvu zaidi. Uongo mtupu. Waliokwenda walirudi wanaona. Bibi mmoja jirani yetu alikuja hadi uani kwetu akicheza, akimtajia mzee rangi ya kila kitu, hadi ndoo yangu ya bluu. Mzee alimpongeza, akasema Mungu ni mkubwa. Mimi hakuniuliza neno, na jioni ile chakula changu niliwapa kuku.

Miezi ikapita. Siku moja niliitwa kwenye semina Rubwera, niliporudi saa nane mchana nikaona kigoda kitupu. Nilimkuta ndani ya shimo la mbolea, amekaa kwenye maganda yaliyooza, nguo zimelowa. Alikuwa ametumbukia asubuhi akienda chooni.

"Baba, kwa nini hukupiga kelele? Majirani wangesikia."

"Wangekuita wewe," alisema, "na mimi niko hivi."

Nilimnyooshea jembe, akashika mpini, nikamvuta. Hata pale hakuguswa na mkono wangu. Nilimchemshia maji ya kuoga, nikarudi jikoni nikajitukana kwa lugha zote ninazojua. Kambi ya pili ilipotangazwa, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye karatasi.

Hospitali ya misheni walikoweka kambi iko mbali, kampuni ilituma basi. Kila mgonjwa alitakiwa kuwa na msindikizaji wa ukoo. Wanawe waliobaki wako Mwanza na Dar es Salaam, walisema wanashukuru sana, nimfikishie salamu. Basi nikawa mimi. Nilikata fito, nikashika ncha moja, yeye akashika nyingine, tukaenda hivyo hadi barabarani, watu wakitutazama. Ndani ya basi tulipewa kofia na fulana zenye jina la kampuni. Yake ilimfika magotini. Nilikaa kiti cha nyuma yake.

Basi lilipoanza kupanda mlima akageuza kichwa kidogo. "Mwaka jana nililisikia lile gari la matangazo," alisema.

"Baba, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mdomo ninao. Ningetaka kwenda ningesema." Basi likakata kona mbili. "Nilikuwa nimezoea maongezi."

Nilifunika uso kwa ile kofia ya msaada nikalia, na mama aliyekaa pembeni yangu akaniambia nisiogope, upasuaji hauumi.

Walimpasua jicho la kulia. La kushoto walisema litangoja kambi ijayo. Kesho yake wagonjwa walipangwa kwenye benchi nje, chini ya bango la kampuni, kufunguliwa bandeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa kweli wale wageni walituponya, siwezi kuwasema vibaya. Dada wa kampuni alikuwa mpole, aliwashikia wazee maji ya kunywa kwa mkono wake. Ila walikuja na mpiga picha, na mpiga picha alitaka kila mtu afunguliwe jicho akimtazama ndugu yake.

"Mama, sogea hapa mbele ya mzee," aliniambia. "Mshike mikono yote miwili. Tunataka uso wako uwe kitu cha kwanza anachokiona."

Nesi aliyekuwa akifungua bandeji, mwenyeji wa Muleba, aliinua macho akanitazama. Yeye alielewa. Mimi nilikuwa nimesimama pale na fito yangu, na nisidanganye, nilitamani. Mara moja tu anione, ajue ni nani aliyekuwa akimsikiliza. Lakini ningekuwa nimemvizia mzee wa watu mbele ya kamera. Nikaenda kusimama nyuma ya benchi. Dada wa kampuni akakaa mahali pangu, na bandeji ikatoka.

Mzee alipepesa, machozi yakamtiririka. Alimwona yule dada, akaona bango, akaona mlima wa mbele wenye migomba, akaanza kuitaja miti. Watu wakapiga makofi. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Mkwe wangu yuko wapi?"

"Niko nyuma yako, baba."

"Vizuri," alisema. "Kaa hukohuko."

Tuliporudi alishuka kwenye basi mwenyewe, akatangulia. Fito alikuwa ameiacha hospitali. Nilimfuata kwa mbali, naye akipapasa majani ya mibuni kama anayewasalimia watoto. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na uchungu, vyote katika kifua kimoja. Jioni niliweka sahani mlangoni, nikafunika, nikakohoa, nikaondoka.

Kulikuwa na dawa ya matone ya kuweka jichoni kila siku. Mimi nimefundishwa kuweka matone hayo, nina hata cheti. Mzee akaagiza dada yake aje kutoka upande wa Nyakahanga, bibi wa watu mwenye mikono inayotetemeka. Tone moja linaingia jichoni, matatu yanaenda shavuni, moja sikioni. Mimi nasimama nyuma ya migomba napaza sauti: "Shangazi, vuta kope ya chini! Ya chini, shangazi!" Na yeye ananijibu njoo basi uweke wewe mwenyewe.

Dawa ilipoisha shangazi akarudi kwake. Kukawa kimya kuliko zamani, maana zamani sikujua ninachokosa. Mzee alikuwa analima, anapogoa migomba, anamwambia kila anayepita kwamba mkwe wake ameacha magugu yakajaa kwenye mibuni. Alisema kweli. Mimi nilipika na kula nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa peke yangu kwenye kile kigoda kulinishinda. Binti yangu akipiga simu namwambia babu anaona, tumshukuru Mungu. Akiniuliza wewe je, nasema mtandao unasumbua.

Mwanzo wa mwaka kampuni ilituma kalenda zahanati, na kwenye mwezi wa tatu yupo yeye. Anatazama moja kwa moja, ana fulana ile kubwa. Wakati ule wa maongezi macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Kwenye kalenda ndipo nilipoliona lililopona kwa mara ya kwanza: jeusi, kali, lina kicheko pembeni, jicho la mume wangu kabisa. Niliomba nakala. Imetundikwa jikoni, na mwezi wa tatu ulishapita zamani sijaufunua.

Tangu arudi, mzee alikuwa amehamisha kigoda chake. Zamani alikaa akielekea jikoni. Sasa alikaa ubavu, bega la kushoto likiwa upande wangu, uso ukitazama migomba. Nilidhani ananisusia. Nilikasirika hata nikaanza kuweka sahani kwa kishindo. Wiki zikaenda hivyo, hadi jioni moja nilipoweka sahani, nikakohoa, nikageuka.

"Wewe mtu," alisema akitazama migomba yake, "ni mhudumu wa afya gani usiyejua jicho lililopona na lisilopona? Huku kushoto bado ni giza. Kaa."

Nikakaa kushoto kwake. Yeye aliendelea kula, kisha akaanza habari ya bata.

Kambi inarudi mwezi ujao, kwa macho yaliyobaki. Nimeliandika jina lake juu kabisa ya orodha, kwa wino, jicho la kushoto. Nilipomwambia, alisema nifute. Nikamwambia, baba, sifuti. Anasema moja linamtosha, nawapa kazi ya bure madaktari wa watu. Namwambia atakwenda hata kama nitaita basi lije uani. Tunabishana hivyo kila jioni, na mimi sifuti, ila kila jioni natafuta neno jingine la kubishania.