Baruti Juu ya Itara

Watu wanasema nimemuuza mwanangu. Wanasemea pale kituo cha majani chai, vikapu viko mgongoni, na nikifika wanageuza maneno, wananiuliza habari ya mvua. Wacha basi niandike ilivyokuwa, ili anayetaka kunisema aniseme akiwa na habari kamili.

Huyu mwanangu ni kitindamimba, na ni mfanyabiashara wa ndizi. Ananunua Mitunguu, kule chini nilikozaliwa mimi, anauza Meru mjini. Ni kazi ya pesa mkononi na barabara. Kuna siku alisimamishwa njiani na watu wenye panga wakamchukulia kila kitu hata viatu. Akafika kwa mke wake na soksi. Baada ya hapo akaomba kibali cha bastola, akazungushwa maofisini mpaka akakipata. Sikumkataza. Mimi si mwanamke wa kuogopa chuma. Bastola ilikuwa na karatasi zake na kabati yake ya kufungia, na ikiwa kiunoni ilikuwa shauri yake yeye na serikali.

Maneno yalianzia kwenye mazoezi. Mwenye bastola, alinieleza, lazima aende uwanjani kupiga shabaha, asije akalenga mwizi akaua ng'ombe wa mtu. Na risasi za dukani ni ghali. Kila akija kuniona hapa Kibugu, wimbo ni huo huo: risasi ni ghali, risasi ni ghali. Nikamwambia, "Basi piga kidogo." Akacheka. Huko uwanjani akapata rafiki, muuza simu mwenye mdomo mrefu, ndiye akamfungulia zile video. Wazungu kwenye gereji zao wanaokota maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, wanayasafisha, wanayajaza baruti upya, wanapiga tena.

"Ni kama mtungi wa gesi, Maitu," mwanangu akaniambia, macho yanametameta. "Ikiisha unajaza."

"Mtungi wa gesi mimi sijazi hapa jikoni. Naupeleka kwa wenye kazi hiyo. Na hiyo karatasi yako, imesema utengeneze risasi?"

"Hiyo tutafuatilia."

Watafuatilia! Hilo ni neno la mtu ambaye ameshaamua na hataki kuulizwa.

Akaniletea mimi hayo mambo kwa sababu Meru anakaa nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani, ukikohoa mwenye ploti anakuuliza kama umemeza dawa. Kwangu kuna stoo iliyoshikana na jikoni. Kwangu pia kuna binti yake wa gredi ya sita, ambaye ameishi na mimi tangu aanze shule. Ndiye anayeniwashia moto asubuhi kabla ya kuvaa sare. Mnisikie vizuri: mtoto wake mwenyewe alikuwa analala nyumba hii, na ni hapa alipochagua.

Sasa, kama ungefanya jambo la hatari, si ungelifanya vizuri? Hapana. Wao, mwanangu na rafiki yake, walikuwa wanataka kila kitu kwa bei ya chini. Mashine ya kushindilia risasi kwenye maganda ilikuwa ya kununua kwa mtu, mkono wake umevunjika na kuchomelewa na fundi wa mageti. Wakaifunga kwenye meza ya marehemu mume wangu. Maganda waliyaosha kwa ndimu kwenye karai ambalo mtoto anaogea. Miwani ya kukinga macho hawakununua, walivaa miwani ya jua, wakakaa ndani ya stoo yenye giza kama vipofu wawili. Mizani ilikuwa kadude kadogo ka betri, ukipumua karibu namba zinaruka. Na vipimo vya baruti vilikuwa kwenye simu ya rafiki. Huku kwetu karibu na msitu mtandao unakuja ukipenda, kwa hivyo ukikataa wanapima kwa kukumbuka.

Nilisimama mlangoni nikawaambia, "Mimi hata chumvi ya githeri siweki kwa kukumbuka, naonja. Hiyo mtaonja?"

Rafiki akacheka akapiga paja. "Mathee, wewe ni moto!"

"Mathee ni nani? Mimi nilikuzaa?"

Akarudi kupima, bado anacheka.

Halafu nikakuta sufuria yangu. Ile kubwa, ya githeri ya wiki. Walikuwa wametoa vyuma vizito laini kutoka kwa betri za gari zilizokufa, wakaviyeyusha humo ili wamimine vichwa vya risasi, kisha wakairudisha kwenye rafu yangu ikiwa imeinamishwa kama iliyooshwa. Ndani kulikuwa na utando wa kijivu, ukipitisha kidole kinabaki kama umegusa kalamu ya risasi. Ile ni sumu. Hilo halihitaji shule, kila mtu anayeishi karibu na gereji anajua.

"Nimeiosha na sabuni ya unga, Maitu," akasema.

"Basi leo utakula humo wewe peke yako."

Hakula. Nilichimba shimo mwenyewe nyuma ya choo nikaifukia. Wahunzi wa zamani, ambao bibi yangu aliwaona, walikuwa na kibanda chao mbali na boma, na chungu cha jikoni hakikwenda huko kikarudi. Watu wasiojua kusoma hata herufi moja walijua hivyo. Nikamwambia mwanangu atoe vitu vyake. Akaniapia kwamba mvua ikipungua, pikapu ikiweza kupanda, atatoa vyote. Mvua ilikuwa kweli inanyesha, barabara ilikuwa tope. Nikamwamini, kwa sababu ni mtoto wangu, na mtu akiapa kwa mama yake unatarajia anaogopa.

Hapa Kibugu mvua ikishika, hakuna kinachokauka. Ukungu unashuka kutoka msituni unaingia mpaka kwenye blanketi. Chumvi inalia maji, kibiriti kinakataa. Ndiyo maana kila jiko la kuni hapa lina itara, ile dari ya miti juu ya moto, ambapo tunaweka kuni zikauke, na mahindi ya mbegu, na kila kitu ambacho hatutaki kioze. Mtoto wa huku akiambiwa "weka mahali pakavu" haulizi tena. Anapandisha itarani.

Alasiri moja nilirudi kutoka kupeleka majani chai. Mwanangu na rafiki yake walikuwa stoo, redio inaimba. Jikoni mjukuu wangu alikuwa amechochea moto wa chai, cheche zinapanda, naye amesimama juu ya kigoda, mkono mmoja ameushika mti wa itara, mwingine anavuta kuni kavu. Juu ya hizo kuni, katikati ya mahindi yangu ya mbegu, palikuwa na mkebe wa plastiki uliofungwa kwa gunia.

"Hiyo ni nini?"

"Sijui, Cucu. Ni baba ameweka. Amesema imeanza kushika unyevu, ikae mahali pakavu. Ilikuwa inanizuia kuni, nilitaka kuisukuma kando."

Sikupiga kelele. Nilimshika kiunoni nikamshusha, nikamtoa nje kwenye mvua bila viatu. Nikarudi nikamwaga maji ya chai yote motoni. Nikasubiri mvuke upungue, nikapanda mimi kile kigoda na haya magoti yangu, nikaushusha ule mkebe. Ulikuwa wa joto. Hilo ndilo sitasahau, ulikuwa wa joto kama yai lililotoka kuatamiwa. Niliubeba mpaka katikati ya shamba, nikauweka chini kwenye majani chai, ndipo nikafungua mdomo. Jirani wa ng'ambo ya mto anasema alinisikia.

Mwanangu alitoka mbio. "Maitu! Inalowa! Hiyo nimeitafuta kwa shida!"

Mnaona neno lake la kwanza lilikuwa gani.

"Umeweka baruti juu ya moto," nikasema.

"Si kwa moto. Juu. Juu kabisa, kwa mahindi. Mahindi yameungua siku gani?"

"Mathee, tulia," rafiki akaingilia, anajifunika kichwa na koti. "Hii si kama ile ya kuvunja mawe. Hii hailipuki ovyo. Inawaka tu."

"Inawaka tu."

"Inawaka tu, mama. Wacha nikuonyeshe usiwe na wasiwasi."

Akachota kiasi cha kujaza kifuniko cha soda, akaweka kwenye jiwe chini ya mabati, akainama na kiberiti chake cha gesi. Ilifanya fuuu, mwanga mweupe ukaruka mpaka usoni pake, na alipoinuka nyusi moja ilikuwa imekwenda, na hewa inanuka kama kichwa cha mbuzi kikichomwa. Mwanangu aliangalia jiwe, akaangalia mkebe uliojaa, akaangalia mlango wa jikoni.

Binti yake ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama kwenye mvua anatetemeka. "Baba, asubuhi cheche zinafika huko juu. Cucu huzizima na ufagio."

Akakaa chini kwenye tope, mtu mzima na ndevu zake. "Maitu, nisamehe. Naitoa leo. Naipeleka kwa huyu."

"Kwa huyu wapi? Kwa watoto wake huyu?"

Rafiki akasema ana mtoto mmoja tu. Nikamwambia huyo mmoja anatosha kuungua.

Hapo ndipo nilipoamua, na ndipo watu wanaponilaumu. Nilimwambia mwanangu: tunapakia kila kitu, mashine, maganda, risasi mlizojaza, huu mkebe, na bastola yako, na unaenda kituo cha polisi kusema mwenyewe. Akaniambia atafungwa. Nikamwambia najua. Akaniambia atanyang'anywa kibali, na wale watu wa panga bado wako barabarani. Nikamwambia najua hilo pia. "Wataniua, Maitu, na utakuwa umeniua wewe." Alisema hivyo mbele ya mtoto. Lakini nilikuwa nimeshika mkebe ule ukiwa na joto, yeye hakuushika. Mtu aliyekuapia juu ya pikapu na mvua, ukimwachia leo, kesho ameupeleka kwenye itara nyingine.

"Usipoenda na mimi," nikasema, "nakwenda kwa miguu peke yangu, na nitasema vibaya kuliko utakavyosema wewe."

Walipakia wote wawili, mimi nikavaa koti la kanisani. Mtoto nilimpeleka kwa jirani. Mvua na tope ambavyo vilikuwa vimezuia pikapu siku zote hizo, siku hiyo havikuzuia kitu. Rafiki alitaka mkebe uwekwe nyuma na mizigo. Nikamwambia, "Wewe uliyesema inawaka tu, ubebe mapajani." Akaubeba mpaka kituoni amenyooka kama bibi harusi.

Askari wa mapokezi alifungua gunia, akafunga, akaita mkubwa wake. "Mama, hivi vitu umeleta wewe?"

"Wenyewe ni hawa. Mimi nimewasindikiza wasipotee njia."

Walilala ndani. Wakatoka kwa dhamana, kesi bado inaendelea, na bastola haijarudi. Mwanangu sasa anasafiri Mitunguu na vijana wengine wa ndizi kwa msafara, mchana, na analalamika kwamba anachelewa soko. Achelewe. Mama mmoja wa chama chetu cha akiba aliniambia damu ni nzito. Nikamwambia ndiyo, na inachukua muda mrefu kukauka kwenye sakafu ya jikoni. Wanaume wanasema mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Haya, nani kati yao angekuja kunitolea mjukuu kwenye majivu?

Mwanangu alikaa bila kunipigia simu. Na mimi sikupiga. Hasira yangu haijaisha. Sikasiriki kwa sababu alitaka kuokoa pesa, sisi sote tunaokoa. Nakasirika kwamba alipopunguza gharama, kilichobaki alimwekea mtoto alipe.

Jumamosi iliyopita alikuja. Nilisikia hodi nikiwa napepeta maharagwe, na binti yake akaruka kumfungulia. Alisimama kwenye kizingiti cha jikoni, hajaingia, ana mkungu wa ndizi begani.

"Maitu, naweza kuingia?"

"Una nini mfukoni?"

"Simu tu."

"Toa."

Akaweka ndizi chini. Akatoa simu, akatoa leso, akatoa funguo za pikapu na peremende mbili za mtoto. Akageuza mifuko yote nje, ya suruali na ya koti, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Nikaiangalia mmoja baada ya mwingine.

"Na hiyo ya shati," nikasema.