Mkate Ndani ya Mfuko wa Katungu

Katungu alikuwa mtu wa kuhesabu macho. Akiingia mahali, kabla hata ya kusalimia, ameshajua nani anamtazama na nani anajifanya hamtazami. Msimlaumu jamani. Mtu aliyekimbia Butembo na mtoto mgongoni, akakaa miaka saba kambini ambako jirani unayemwazima chumvi leo ndiye anayekwenda kukuchongea kesho, hawezi kufika Sydney akaanza ghafla kuamini watu eti kwa sababu treni zinafika kwa wakati. Alipanga nyumba Mount Druitt, akaongeza makufuli mawili juu ya lile la mwenye nyumba, akatulia.

Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya wazee huko Seven Hills. Kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha, na kuandika kwenye chati nani amekula nini. Kazi hiyo inataka kibali cha kuonyesha kwamba huna doa, na Katungu alikitunza chake kuliko pasi ya kusafiria. Kikichafuka mara moja, basi, hakuna nyumba ya wazee itakayokupokea Australia nzima. Kazi nyingine hakuijua, na binti yake Déborah alikuwa bado shuleni.

Sasa sikilizeni jinsi kipande cha mkate kilivyotaka kummaliza.

Ilikuwa mwaka wa 2021, tulipofungiwa kwa korona sisi watu wa magharibi mwa mji. Askari mitaani, kibali mkononi, na kila asubuhi unachokonolewa pua kabla ya kuingia kazini. Wazee walizuiwa wasitoke vyumbani mwao. Kila upande wa jengo ulipewa wafanyakazi wake wawili tu, wasichanganyike na wengine. Chumba cha mapumziko kikafungwa, maski ikawa haivuliwi popote ndani, na anayetaka kula atoke mpaka kwenye maegesho ya magari. Nani ana muda huo? Siku moja ya Agosti Katungu alipepesuka mlangoni mwa chumba namba tisa, akashika ukuta.

"Una nini?" mzee wa mle ndani akamuuliza kwa Kifaransa.

"Si kitu, Papa. Tangu jana sijatia kitu tumboni, ni hilo tu."

Mzee huyo alikuwa Joris, Mbelgiji wa miaka tisini. Alikuja kwa meli zamani za kale, akalala miezi minane katika hosteli ya wahamiaji ya Villawood, akaoa, akazeekea huku. Kifaransa walikijua wao wawili tu, ndiyo maana Katungu akapangiwa yeye. Wala hakufurahi. Babu yake alikuwa boyi wa Mbelgiji kule Butembo, akila makombo jikoni amesimama, na habari hiyo watoto wote wa ukoo waliisikia kabla hawajajua kusoma. Kwa hiyo Katungu alimwogesha Papa Joris vizuri, akamkata kucha vizuri, lakini moyo wake aliufungia kwa yale makufuli mawili.

Na mzee mwenyewe alizidi kumtia wasiwasi. Mlango wake hakuufunga kabisa, aliuacha na uwazi wa kutosha jicho moja. Na kila asubuhi swali lilikuwa lile lile.

"Umekula?"

"Nimekula, Papa."

"Umekula nini?"

Haya, hayo ni maswali ya mgonjwa au ya polisi? Katungu alijibu uongo, chai na andazi, kisha akatoka akijiuliza huyu anamchimba ili ampeleke wapi.

Mwenzake wa zamu alikuwa Wilkister, Mkenya wa Kisumu, mwanafunzi wa uuguzi, msema sana, mcheka sana. Katungu alimwita dada, na Wilkister alimwita Mama Déborah. Mikoba yao waliitundika kwenye misumari ya korido, mkabala na chumba namba tisa, kwa sababu mahali pengine hapakuwapo. Ilikuwa mifuko ya kitambaa ya buluu, yenye mkanda mrefu, ambayo uongozi uliwagawia wafanyakazi wote kuwashukuru kwa ushujaa wao. Shujaa wa mfuko, Wilkister alikuwa akijitania hivyo.

Basi, siku moja Katungu anafika nyumbani, anafungua mfuko, anakuta kipande cha mkate chenye jamu, kimefungwa kwenye leso ya karatasi. Leso ile ilikuwa ya kazini, na chakula cha mzee ndani ya mfuko wa mfanyakazi kina jina moja tu, wizi. Akakitupa. Siku tatu baadaye, yai la kuchemsha. Wiki iliyofuata, kipande cha keki, kimefinywa finywa. Alikaa kitandani akakitazama kile kipande mpaka Déborah akamuuliza kwa Kiingereza kama anaumwa.

Hakuumwa. Alikuwa anapiga hesabu. Watu wa upande ule ni wawili, yeye na Wilkister. Wazee hawaruhusiwi kutoka vyumbani. Yeye hajajitilia mkate mwenyewe. Amebaki nani?

Na jambo halikuja peke yake. Papa Joris alikuwa anakonda. Kilo nne ndani ya wiki sita, ilhali chati ilisema amekula chote, amekula chote, na sahihi ilikuwa ya Katungu. Naye hakudanganya! Alikuwa akiacha sinia, anahudumia wengine, akirudi anakuta sahani nyeupe, akaandika alichokiona. Lakini nenda kamweleze hivyo Ingrid, binti wa mzee, aliyekuja kumwona baba yake kwa nje ya dirisha, akampiga picha mifupa ya shingo, kisha akaigeuza simu polepole akampiga picha Katungu naye.

Usiku huo Katungu hakulala. Chakula kinapotea sahanini, kinaonekana mfukoni mwake, na jina lake ndilo lililo kwenye chati. Mtu ameupanga mpango huu. Wilkister anazitaka saa zake za kazi. Wilkister anacheka mno. Mtu mwema hacheki hivyo asubuhi na mapema!

Alhamisi akaenda kwa meneja, mama mmoja aitwaye Leanne, akamwambia. Jina alilitaja lote. Leanne aliandika, akashukuru, uso haukusema kitu. Ijumaa ujumbe ukaja: Jumatatu saa tano asubuhi, ofisini, Katungu na Wilkister, na mifuko yenu.

Jumatatu Wilkister alikuwa na mapumziko, angekuja kwa ajili ya kikao tu. Katungu alikuwa kazini. Saa nne na nusu akaingia namba tisa, akamkuta Papa Joris amechanwa nywele, amevaa sweta la sufu, tableti mapajani. Jana yake, katika nchi jirani na kwao, yalikuwa yamefanyika mashindano makubwa ya baiskeli, yale ya siku moja, kilomita mia mbili na hamsini, nyingine juu ya mawe yaliyopangwa barabarani tangu enzi za farasi. Hufanyika Aprili, ila mwaka huo korona iliyasogeza hadi Oktoba. Ingrid alikuwa amemtumia rekodi.

"Kaa," mzee akasema. "Usiniambie nani ameshinda."

"Papa, mimi hata mmoja wao simjui."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Kwenye kioo wanaume mia na zaidi walikuwa wakienda katika mvua, matope mpaka kwenye meno. Mmoja akaacha kundi, akarudi nyuma mpaka kwenye gari la timu, akapewa chupa, akazitumbukiza ndani ya jezi, kifuani, mgongoni, mpaka akavimba pande zote. Kisha akainama akaanza kukanyaga kuwafuata wenziwe.

"Huyo ni mimi," Papa Joris akasema. "Domestique, mtumishi wa timu. Miaka sita nilikimbia mbio hizi, hakuna aliyejua jina langu. Kazi yangu ilikuwa kumlisha kiongozi wa timu."

Domestique! Katungu karibu acheke. Jina hilo kwao alilibeba babu.

"Na wewe ulikula nini?"

"Mimi? Kilichobaki. Tena mwaka wa mwisho nilichelewa. Niliteleza kwenye mawe, nikamfikia kiongozi nikiwa nyuma ya muda dakika mbili. Dakika mbili tu, mwanangu. Njaa ilikuwa imeshampiga. Mtu akipigwa na njaa juu ya baiskeli, miguu inazimika, anashika ukuta, anakwambia si kitu." Mzee akamtazama. "Alikuwa anaongoza. Hakushinda. Mwaka uliofuata nikapanda meli."

Kwenye kioo kundi lilikuwa limefika mahali pa kupokelea chakula. Kando ya barabara walisimama watu wamenyoosha mikono, na mkononi mwa kila mmoja umening'inia mfuko wa kitambaa, wa mkanda mrefu. Waendeshaji wanapita, wanadaka, wanautia begani. Kulikuwa na mifuko myekundu, ya njano, na timu moja ilikuwa na ya buluu.

Akageuka kutazama mlango. Ulikuwa na uwazi wa jicho moja, na ng'ambo ya korido, kwenye misumari, hatua nne kwa mtu mwenye kigari cha kutembelea, ulining'inia mfuko wake. Akalitazama sweta. Lilikuwa limevimba ubavuni.

"Mungu wangu," akasema. "Papa, ni wewe."

Mzee akaisogeza tableti karibu na macho. Alikuwa anatazama mbio.

Katungu alitoka mbio akamleta Leanne, hata saa tano haijagonga. Akamsimamisha mbele ya kiti, akaeleza yote kwa pumzi moja, mkate, yai, sweta, mifuko. Kisha akainama kwa mzee. "Papa, mwambie. Mwambie ni wewe unayeniwekea chakula."

Papa Joris alimtazama Leanne, kitambulisho shingoni, kalamu mkononi. Waendesha baiskeli wote wanajua mtu wa namna hiyo ni nani. Ni mwamuzi, na ukimpa mwenzako chakula mahali pasiporuhusiwa mbele ya mwamuzi, anayeadhibiwa ni huyo mwenzako.

"Sijui lolote," mzee akasema kwa Kiingereza safi. "Huyu hajapokea kitu kwangu. Mimi nakula chakula changu chote."

Leanne akafunika kalamu. Katungu aliona kibali chake kinapeperuka, akamwona Ingrid na ile simu, akaona makufuli yote ya maisha yake hayajamsaidia kitu. Alitaka kulia. Alitaka kumtikisa yule mzee.

Badala yake akatoka, akauchukua mfuko msumarini, akaufungua pale pale mbele yao. Kulikuwemo mkate, mpya, wa asubuhi ile. Akaketi kando ya kiti cha mzee, si mbele yake, wote wakitazama upande mmoja, kama wale wa kwenye kioo. Akanyanyua ngao ya plastiki iliyofunika uso wake. Akashusha maski.

"Katungu!" Leanne akapiga kelele. "Hairuhusiwi!"

Akauma mkate. Ulikuwa mkavu, na alikuwa na njaa kwelikweli, njaa ya wiki nyingi, akatafuna kwa sauti bila haya. Papa Joris macho hayakutoka kwenye mbio. Ila mkono wake wa kulia ukapanda taratibu, ukaingia ndani ya sweta, ukatoka na yai limefungwa kwenye leso, ukalipitisha chini ya mkono wa kiti mpaka kwenye kiganja cha Katungu. Hakumtazama. Mkono haukutetemeka hata kidogo, yeye ambaye kijiko cha supu kilimshinda.

"Kula kabla hujasikia njaa," akanong'ona kwa Kifaransa. "Safari hii sikuchelewa."

Leanne akasema Katungu atapewa onyo la maandishi kwa kushusha maski, na kuanzia siku hiyo atakaa na mzee huyu mpaka mzee mwenyewe amalize sahani yake, akila mbele ya macho ya Katungu. Na Ingrid atapigiwa simu leo hii. Kuhusu kikao cha saa tano, kimefutwa. "Nenda kamwambie mwenzako," akasema, "yuko chini kwenye gari."

Hapo ndipo Katungu alipoona ugumu. Onyo la maandishi si kitu. Alishuka kwenye maegesho, vumbi la viwanda usoni, akamkuta Wilkister ndani ya kigari chake, madirisha juu, mfuko wa buluu mapajani, macho mekundu. Siku hiyo hakuwa anacheka.

Katungu akagonga kioo, akarudi nyuma hatua mbili kama sheria ilivyotaka. Kioo kikashuka.

"Dada, yamekwisha. Ni Papa Joris. Alikuwa analisha timu yake." Akaeleza. "Na kuna lingine. Alhamisi nilikwenda kwa Leanne. Nilikutaja wewe."

Wilkister alimtazama. Akafungua mfuko wake, akatoa keki iliyofinywa finywa, imefungwa kwenye leso ya karatasi, akaiweka juu ya dashibodi.

"Hii nilipata kwa bag yangu juzi. Kabla ya hiyo, ndizi. Aki Mama Déborah, mifuko inafanana, mzee angejuaje ya nani ni ya nani?" Akapangusa pua. "Mimi nilienda kwa Leanne Jumatano."