Mshauri wa Mlalo na Tonge la Tisa

Saa moja kasoro asubuhi ukungu wa milima ya Mlalo bado unajivuta, na Jenoveva Shemhilu ameshasimama juu ya tuta la tatu la shamba lake la karoti. Tuta la pili halina mtandao. La nne linao, lakini upepo wake utakuvua kilemba ukakifuate Shume. La tatu ndiyo ofisi.

"Shikamoo, mama Amiri," anaiambia simu. "Leo ndiyo leo. Kunywa chai yako, usiiogope mizani."

Jenoveva, 34, ni mshauri wa Nyepesi, programu ya simu inayosaidia watu kupunguza uzito. Ana kikundi cha watu kumi na wawili, wengi wauza mboga. Hulipwa shilingi 280,000 kwa mwezi, na kwa hizo husikiliza visingizio vya kila namna. Yuko aliyeifunga simu shingoni mwa mbuzi ili imhesabie hatua. Mbuzi akaongoza kikundi wiki nzima, akatumiwa na pongezi.

"Mambo ya chakula wanayajua kuliko mimi," anasema. "Kazi yangu ni kutafuta pale mkono unapojiendea wenyewe."

Kilichomtoa ndani mapema leo ni Halima, mama Amiri, 52, muuza kabichi sokoni. Magoti yanamsumbua na daktari amemwambia apungue. Lakini programu imeshampa alama nyekundu wiki mbili mfululizo. Ya tatu humtoa mtu moja kwa moja, na wenzake wameapa kwamba akitoka yeye, wanatoka wote. Hapo Jenoveva naye hana kikundi wala kibarua.

Balaa lilianzia kwenye picha. Programu hutaka kila mtu aipige picha sahani yake kabla ya kula. Halima akapiga picha ya sinia, lile ambalo yeye, wakwe zake na wajukuu hulizunguka watu sita. Jibu likaja kwamba amekula mara sita ya kiasi chake.

"Nikamwambia Jenoveva, mwanangu, hicho kisimu kinanisingizia," anasimulia Halima. "Kinataka nijitenge na kisahani changu kama mgonjwa, wajukuu wananitazama? Nikaacha kutuma."

Kunyamaza kukamletea nyekundu ya pili. Jenoveva akapanda hadi kwake, njia ambayo ukidondosha kiazi utakiokota Mombo, chini ya mlima, kimeshamenyeka. Akakaa nao kwenye sinia, akahesabu matonge.

"Matonge tisa alikula kwa njaa," anasema. "Matano ya mwisho alikuwa ameshashiba."

"Nilikuwa nakomba sinia," Halima anajitetea. "Kitupwe nikitazama?"

Mshauri akawa amepata alichokitafuta. Wakapatana: tonge la tisa likipita, Halima anawe mikono kabla ya wote, kisha atume neno moja kwa sauti, "nimenawa". Makombo yaende bandani.

"Sasa kuku wangu ndio wanaohitaji programu," anasema Halima.

Bosi wa Jenoveva, Edgar, aliyeko Dar es Salaam, alikubali kwa sharti. Mizani ya leo ikishuka, nyekundu zinafutwa. Isiposhuka, Halima nje.

Saa nne, sokoni, mizani inatua katikati ya kabichi. Wiki iliyopita ilisoma kilo 91.3. Halima anavua ndala, anavua sweta, anamkabidhi Jenoveva funguo za nyumba.

"Toa na hereni, shoga," anachokoza Modesta wa karoti.

Namba zinacheza, zinapanda, zinashuka, zinatulia. 89.8.

Vigelegele vinapigwa mpaka wanunuzi wanasahau chenji zao. Jenoveva anatuma picha ya mizani. Halima anauza kabichi mbili, kisha Edgar anajibu: "Nyekundu zimefutwa. Hiyo ya kunawa nielekeze vizuri, hapa ofisini tunaihitaji."

Mwezi ujao Jenoveva anataka kufungua vikundi Mtae na Shume, bila picha, kwa sauti tu.

"Nataka programu ije ikae na sisi kwenye sinia," anasema, akinyoosha mkono tena kwenye ugali na maharage yaliyoletwa kibandani kwa Halima.

"Hilo la tisa, mshauri," anasema Halima. "Kanawe."