Taipureta Bila Utepe

Siku yangu ya kwanza kufundisha wasioona, pale Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya sabini, niliingia darasani nikadhani hakuna mtu. Madirisha yalifungwa kuzuia vumbi, giza tupu, na nani mle ndani alihitaji mwanga? Nilipopiga hatua ya pili, sauti kumi na mbili zikaniamkia kwa pamoja.

Ninyi vijana mnaofundisha kwa kompyuta zinazosema, mna bahati. Sisi tulikuwa na breli, yaani maandishi ya nukta za kupapasa, na taipureta nne kuukuu. Utepe wa wino ulikuwa adimu, basi Mwalimu Mkuu, mzee mkali wa Tinde, akaniagiza niutoe wakati wa mazoezi. Hawaoni, alisema, tazama vidole tu. Wanafunzi hatukuwaambia. Kwa miaka sita nilitazama karatasi zikitoka kwenye mashine nyeupe pe, huku wao wakichapa kwa bidii.

Kabula alikuwa binti wa mchimbaji dhahabu wa Geita. Ofisi moja ya kwao ilitaka mchapaji. Akifaulu imla, kazi ni yake. Akishindwa, anarudi kwa baba yake kutwanga mawe.

Mkaguzi alikuja kumsomea imla. Katikati akaniinamia, akaninong'oneza, "Hata akifaulu, nani atakaa naye ofisi moja?"

"Kweli, mzee," nikajibu. Woga tu wa mdogo kwa mkubwa. Mpaka leo najichukia.

Kabula akachomoa karatasi. Haina kitu. Utepe nilikuwa nimeusahau kabatini, jamani! Mkaguzi alianza kufunga mkoba. Nikamsihi angoje; chuma huacha alama hata bila wino, basi nikalaza penseli ubavu nikaipaka karatasi nzima. Herufi zikaanza kujitokeza moja moja, nyeupe ndani ya weusi, kana kwamba mtu tusiyemwona anaziandika wakati uleule. Imla yote ilikuwepo bila kosa. Na katikati yake: HATA AKIFAULU, NANI ATAKAA NAYE OFISI MOJA. KWELI, MZEE.

Mkaguzi alitia sahihi ya kumfaulisha, akaondoka.

Kabula alipokuja kuaga nilimwomba radhi kwa kuusahau utepe.

"Kumbe ulisahau?" akasema. "Nilisikia tangu herufi ya kwanza kwamba haupo. Chuma kinagonga kikavu. Nikadhani mmekubaliana nyie wawili nishindwe."

"Sasa mbona uliendelea kuchapa?"

"Tumeshazoea, mwalimu. Miaka yote hii tunachapa na hakuna anayesoma."

Nilifundisha mpaka nikastaafu, na sikutoa utepe tena. Ulipokwisha, tulingoja mwingine. Nilipewa saa ya ukutani na barua ya sifa. Lakini wale wa miaka sita ya kwanza walijua wote, wakaninyamazia. Kazi yao ya miaka ile yote niliitupa nikidhani ni karatasi tupu, na hakuna hata moja ninayoweza kumwonyesha mtu.